Klachi ikitetema, injini isiwe ya kwanza kushushwa

*Gari la zamani likianza kutikisika kila linapoondoka, lawama huangukia sahani ya klachi. Kwenye Volkswagen Beetle, kasoro hukaa mara nyingi nje yake, na kuipata kunataka tochi, rula na subira.*

Kivuko kimegota Likoni, Mombasa, mlango wa chuma umeshushwa, na magari yanaanza kuupanda mwinuko wa zege. Katikati ya foleni kuna Beetle ya miaka ya 1960, bodi inang'aa, bampa limepakwa nikeli upya. Dereva anaingiza gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Gari halitoki. Linatikisika mwili mzima, vioo vinagonga kwenye fremu, abiria anashika dashibodi. Matatu iliyo nyuma inapiga honi. Kisha gari linashtuka mara moja na kuondoka kana kwamba halikuwa na neno.

Fundi aliyesimama kando ya mwinuko ule angekuwa ameshapata nusu ya majibu. Mtikisiko ulianza klachi ilipoanza kushika, ukakoma iliposhika barabara. Gurudumu lisilo na balansi husumbua gari likiwa mwendoni. Injini inayokosa moto kwenye silinda moja hutetema hata gari likiwa limesimama bila gia. Huu wa Likoni ulikuja wakati wa kuondoka tu.

Hatua inayofuata ndiyo inayogawanya gereji.

Sahani moja, nyuso mbili

Klachi ya gari la aina hii ni rahisi kueleza. Kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye krenkshafti. Kuna presha pleti, iliyofungwa kwenye flaiwili kwa bolti sita. Katikati hukaa sahani ya klachi yenye bitana za msuguano pande zote mbili, nayo imepachikwa kwenye meno ya shafti inayoingia giaboksi. Pedali ikikanyagwa, sahani inakuwa huru. Pedali ikiachiwa, springi huibana sahani kwenye flaiwili na nguvu inapita.

Kati ya kuwa huru na kubanwa kabisa kuna muda mfupi ambapo sahani hutakiwa kuteleza kidogo kidogo hadi ishike. Utelezi huo ukiwa sawasawa, dereva hahisi kitu. Ukikatikakatika, sahani inashika, inaachia, inashika tena, mara nyingi kwa sekunde moja, na kila mshiko unaitupa injini upande. Bodi nzima hufuata.

Kwa hiyo fundi ana maswali mawili. Kwa nini sahani haishiki sawasawa? Na ni kitu gani kinaiachia injini itupwe hivyo? Swali la pili ndilo linalorukwa, ingawa majibu yake yako chini ya gari, yanaonekana bila kufungua klachi.

Gari la Safari Rally

Beetle haikuja Afrika Mashariki kama pambo. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nayo Safari Rally mwaka 1954, Gus Hofmann na Arthur Burton wakafanya hivyo 1957, na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider 1962, enzi ambazo njia ya mashindano ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Duniani zilitengenezwa zaidi ya milioni 21. Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003.

Wingi huo ndio sababu spea zake bado zinapatikana. Ndio pia sababu zinachanganyikana. Beetle za umeme wa volti 6 zina flaiwili ya meno 109 na klachi ndogo ya milimita 180. Zile za volti 12, zilizoanza na toleo la 1967, zina meno 130, na klachi ya milimita 200 ikawa ya kawaida kwa injini kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 beringi ya klachi nayo ikabadilishwa. Ya zamani husukuma pete iliyo katikati ya presha pleti. Mpya husafiri juu ya bomba la kuiongoza na haihitaji pete hiyo. Gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi kwa nusu karne linaweza kuwa na giaboksi ya enzi moja na presha pleti ya enzi nyingine. Beringi ikisukuma mahali isipopaswa, presha pleti hujifungua upande, na klachi mpya kabisa hutetema siku ileile iliyofungwa.

Urahisi unaoponza

Mbele ya klachi inayotetema, gereji hugawanyika kambi mbili. Ya kwanza husema: shusha injini, badilisha seti nzima, yaani sahani, presha pleti na beringi. Hoja yao si ya kupuuzwa. Kwenye Land Rover ya Series, kuifikia klachi ni kazi ya siku: sakafu na kiunzi cha viti hung'olewa ili giaboksi isogezwe nyuma au itolewe kupitia ndani ya gari. Baada ya jasho lote hilo, kurudisha sahani iliyobakiza nusu ya maisha ni kujitafutia kazi ya pili.

Beetle ni habari nyingine. Injini yake inashikiliwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu, na fundi aliyeizoea huishusha kwa jeki ndani ya muda usiozidi saa moja. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Kwa kuwa injini inashuka haraka, inashushwa kabla mtu hajalala chini ya gari na tochi. Seti mpya inafungwa, gari linajaribiwa, linatetema vilevile. Lawama zinahamia kwa muuzaji wa spea, au kwa neno lile lile linalofunga kila mjadala kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi: feki.

Kambi ya pili huanza nje na kuingia ndani hatua kwa hatua. Kwa Beetle, ushahidi uko upande wao.

> Kwa kuwa injini inashuka haraka, inashushwa kabla mtu hajalala chini ya gari na tochi.

Bomba lisilotakiwa kunyooka

Upande wa kushoto wa giaboksi, chini kabisa, kuna bomba fupi linalopindika. Ndani yake hupita kebo ya klachi, ikitoka kwenye handaki la katikati ya sakafu kwenda kwenye mkono unaosukuma beringi. Asiyelijua ataliona limelegea na kutaka kulinyoosha. Wapo waliolinyoosha.

Volkswagen walitaka lilegee. Vuta mstari ulionyooka kati ya ncha zake mbili, kisha pima katikati: bomba linapaswa kushuka milimita 25 hadi 45 chini ya mstari huo.

Sababu yake ni ya kiufundi na inapendeza. Injini na giaboksi ya Beetle ni kitu kimoja kinachoning'inia nyuma juu ya raba. Mzigo unapoingia, kitu chote hicho husogea kidogo, ilhali pedali na ncha ya mbele ya kebo zimefungwa kwenye sakafu ya gari. Mpindo wa bomba hutoa nafasi ya mwendo huo, na msuguano wake juu ya kebo hutuliza mishtuko. Bomba likinyooka, kila giaboksi inaposogea inaivuta kebo au kuilegeza. Klachi inaachia kidogo, injini inarudi mahali pake, klachi inabana, injini inatupwa tena. Kwa maneno mengine, injini inajikanyagia klachi bila mguu wa dereva.

> Bomba likinyooka, injini inajikanyagia klachi bila mguu wa dereva.

Tiba yake ni washa. Zinapangwa kati ya ncha ya bomba na mabano yaliyo kwenye giaboksi hadi mpindo ufike kipimo. Zikizidi, kebo husugua ndani ya bomba, pedali inakuwa nzito na nyuzi za kebo huanza kukatika kabla ya wakati wake. Baada ya hapo hurekebishwa uhuru wa pedali: milimita 10 hadi 20 za kucheza kabla mguu haujahisi uzito, kwa kuzungusha nati yenye masikio iliyo mwisho wa kebo. Pasipo uhuru huo, beringi hukaa imegusa presha pleti muda wote na sahani haibanwi kikamilifu. Inateleza, inaungua, na uso wake unageuka kioo.

Kazi yote hiyo haigusi bolti hata moja ya injini.

Raba tatu

Beetle haina mautingi za injini kama magari mengine. Giaboksi hushikwa na raba moja puani na mbili nyuma, na injini huning'inia kwake. Raba hizo zikipasuka, au zikilainika kwa kulowa mafuta miaka nenda rudi, hata sahani nzuri itaonekana mbaya.

Kuzikagua hutaka mtaimbo na macho. Mtaimbo huingizwa kati ya giaboksi na fremu, kisha husukumwa polepole. Raba iliyoachana na chuma chake hujifunua papo hapo. Halafu huja jaribio la watu wawili. Mmoja anakaa ndani, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, anaingiza gia ya kwanza na kuachia klachi hadi ianze kushika, kisha anarudia kwa gia ya kurudi nyuma. Mwingine anaitazama injini akiwa amesimama ubavuni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Tofauti kubwa kati ya gia hizo mbili huelekeza shaka kwenye raba, kwa sababu mzigo wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma haulemei raba zilezile kwa namna moja.

Beetle haiko peke yake. Kwenye Mini ya zamani, raba ndogo za fimbo inayoizuia injini isitikisike ndizo hukaguliwa kwanza, na zimewaepusha wengi na gharama ya klachi. Kwenye magari ya injini mbele na ekseli nyuma, orodha hurefuka: springi za majani zilizolegea kwenye bolti zake, jointi za propela, mautingi za giaboksi.

Mafuta ya nani?

Mafuta kwenye bitana ndiyo sababu maarufu kuliko zote, na dalili yake ni kwamba tetemeko huongezeka klachi ikipata joto. Asubuhi gari linaondoka vizuri, baada ya foleni ya mjini linaanza vituko.

Kwenye Beetle mafuta yana milango miwili. Mmoja ni sili kubwa ya krenkshafti iliyo nyuma ya flaiwili. Mwingine ni sili ya shafti ya giaboksi. Pua husaidia kuyatofautisha. Mafuta ya gia ni mazito na yana harufu kali ya salfa. Ya injini iliyotumika ni meusi na mepesi zaidi. Anayebadilisha sili ya injini kumbe inayovuja ni ya giaboksi atarudi palepale. Land Rover humrahisishia fundi: chini ya kifuniko cha klachi kuna tundu dogo, na tone linalotoka hapo linaweza kunuswa kabla ya kufungua chochote. Tundu hilo huzibwa kwa plagi gari likienda kuvuka maji, na wenye magari husahau kuitoa, mafuta yakajikusanya ndani.

Sahani iliyolowa mafuta inaweza kuokolewa? Wapo wanaoiosha kwa petroli na kuianika juani, na kwa siku chache gari hutulia. Lakini bitana hunywa mafuta hadi ndani, na joto huyarudisha juu. Hapa kambi ya seti mpya ina haki yake yote.

Pwani kuna mkosaji mwingine. Gari la mapambo linalolala gereji ya Mombasa au Unguja miezi kadhaa hupata kutu nyembamba kwenye uso wa flaiwili, na mara nyingine sahani hunata kabisa. Likitetema mara chache za mwanzo kisha likaacha, kutu imesuguliwa. Hakuna haja ya kununua kitu.

Injini ikishashuka

Pale ukaguzi wa nje usipopata kitu, injini hushushwa. Na hata hapo pupa huharibu ushahidi. Kabla ya kufungua presha pleti, alama hupigwa kati yake na flaiwili ili ijulikane ilikaa vipi. Bolti sita hulegezwa kwa kupishana, nusu mzunguko kila moja; anayeimaliza moja kabla ya kugusa nyingine anaweza kuikunja presha pleti ambayo haikuwa na kosa.

Kisha nyuso husomwa. Mabaka ya buluu kwenye flaiwili ni joto kali, na mahali pale chuma hugeuka kigumu kuliko jirani yake, hivyo sahani hushika kwa kurukaruka. Nyufa nyembamba kama nywele ni hatua inayofuata. Bitana inayong'aa kama kioo imeungua. Ikiwa imelika upande mmoja zaidi, kuna kitu kimepinda.

Sahani yenyewe hupachikwa kwenye shafti, ikazungushwa mbele ya geji ya saa. Ikiyumba zaidi ya takribani nusu milimita ukingoni, haifai. Wengi hawana geji hiyo, na hutumia sindano iliyosimamishwa karibu na ukingo. Si haba, walau upindaji mkubwa huonekana. Kati ya bitana mbili kuna vipande vya chuma chembamba vyenye mawimbi, vinavyofanya sahani ijae polepole inapobanwa. Vikilala, klachi hushika ghafla. Ribiti, springi za katikati na meno ya kitovu hukaguliwa pia.

Kitu kidogo kinachosahauliwa ni beringi ya sindano iliyo ndani ya nati ya flaiwili. Ndiyo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Ikikauka au kulika, shafti huyumba na sahani huyumba nayo. Nati yenyewe ni ya milimita 36 na hutaka kukazwa kwa nguvu ya karibu niutoni-mita 300, nguvu ambayo spana ya kawaida haifikishi. Ikikazwa kwa makisio, flaiwili hulegea na kula pini zake, na hapo krenkshafti nayo imeingia hatarini.

Kukereza au kutupa

Flaiwili yenye mabaka hupelekwa kwa mkereza vyuma. Wenye shaka husema kukereza hupunguza uzito na kulifanya gari lizime ovyo. Kwa kiasi kidogo cha chuma kinachoondolewa, hofu hiyo imetiwa chumvi. Hatari halisi ni nyingine: flaiwili ya Beetle ina ngazi kati ya uso wa msuguano na ukingo inapofungwa presha pleti. Mkereza akichonga uso peke yake, ngazi inaongezeka, na presha pleti haibani tena kwa nguvu iliyokusudiwa. Sehemu zote mbili lazima zishuke sawa. Anayepeleka kazi hiyo bila kumweleza fundi wa lethi jambo hili asishangae klachi ikianza kuteleza.

Kuhusu sahani, ubishi ni kati ya spea mpya za bei nafuu na kubandika bitana mpya kwenye sahani ya zamani. Wanaobandika hutetea vitovu vya Fichtel & Sachs vya Ujerumani ambavyo springi zake bado zina nguvu baada ya miongo. Wana hoja, mradi vipande vyenye mawimbi viko hai na bitana imepigwa ribiti sawasawa. Kitovu kilichochoka hakiponi kwa bitana mpya.

> Mkereza akichonga uso peke yake, presha pleti haibani tena kwa nguvu iliyokusudiwa.

Vumbi

Kuna jambo moja ambalo kambi zote mbili hulipitia haraka mno. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na gari ambalo halijafunguliwa tangu enzi hizo linaweza kuwa na vumbi lake ndani ya kifuniko cha klachi. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999 kwa sababu nyuzi zake zikiingia mapafuni husababisha saratani ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye. Hata hivyo, kitu cha kwanza kinachofanyika katika gereji nyingi injini ikishuka ni kupuliza kwa kompresa, kijana mwanafunzi akiwa ameinama karibu. Vumbi hilo hufutwa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikafungwa kwenye mfuko na kutupwa.

Kufunga upya

Tetemeko jingi la klachi mpya huzaliwa wakati wa kufunga. Flaiwili mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu na lazima isafishwe. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu, kwani ikizidi hurushwa kwenye bitana. Sahani huwekwa katikati kwa shafti ya mfano. Na injini inaporudishwa, uzito wake haupaswi kamwe kuning'inia kwenye shafti wakati bolti hazijashika: dakika moja ya kumtafuta msaidizi huku injini imelalia shafti hutosha kuikunja sahani ambayo ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi.

Kama raba zimebadilishwa, giaboksi imeinuka, na mpindo wa bomba la kebo si ule uliopimwa mwanzo. Hupimwa tena, washa zikaongezwa au kupunguzwa, kisha uhuru wa pedali ukarekebishwa. Kilomita mia kadhaa za mwanzo huendeshwa bila kulishikilia gari kwa klachi milimani, ili bitana izoeane na chuma. Baadaye pedali hupimwa mara ya pili, kwa sababu bitana mpya hulika haraka zaidi mwanzoni na uhuru ule wa milimita 10 hadi 20 hupungua.